Vyumba Vinne vya Perth

Kwetu baba mkwe halali kwa mkwewe zaidi ya siku za ugeni. Mimi nilikuwa nimekaa Maplewood, huku ughaibuni, nyumbani kwa binti yangu na mumewe, majira ya baridi mawili mfululizo, na aibu hiyo niliifunika kwa kujitafutia kazi. Kwa hiyo hospitali za miji kadhaa ya Australia zilipomwita mkwe wangu akafanye uuguzi huko, nilijitolea kulinganisha miji hiyo. Nimetumikia ofisi ya takwimu ya mkoa hadi kustaafu. Sikuona sababu ya jambo hilo kuachiwa watu wa kubahatisha.

Utaratibu wangu ulikuwa mmoja: bei ya nyumba nikaigawa kwa mshahara wa wastani wa mwaka, ili kila mji useme unadai miaka mingapi ya jasho la mtu. Jumamosi baada ya chakula tukakaa kikao, sisi watatu, wajukuu wakicheza chumbani.

"Mzee, Sydney ifute," alisema mkwe wangu. "Pale tutanunua mlango, nyumba tuisubiri peponi."

"Na Hobart?" binti akauliza.

"Nyumba nafuu, ila mishahara nayo ni midogo," nikajibu. "Perth ina mishahara ya migodi, na bei zimeanza kushuka. Hata hivyo inawazidi uwezo kidogo."

Mkwe akaivuta karatasi yangu ya hesabu, akaisoma, akakunja uso. "Mbona umepigia hesabu vyumba vinne?"

"Ninyi wawili, wasichana, mvulana, na mimi."

Binti akaanza kukusanya sahani ambazo bado zilikuwa na wali.

"Baba, viza ya mzazi kule inachukua miaka. Tumeongea na kaka. Amesema chumba chako Dodoma ameshakipaka rangi."

Ameshakipaka rangi. Uamuzi uliokwisha kupitishwa hauletwi kikaoni kujadiliwa. Ofisini kwangu mtu angeandikiwa barua ya kujieleza. Hayo nilitaka kuyasema, na nilikuwa na haki. Lakini uso uliniwaka kwa jambo jingine. Nilikuwa nimejiingiza katika bajeti ya watu bila idhini yao, na chumba changu ndicho kilichowanyima mji waliouhitaji. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimewaaga wazee wenzangu kanisani, nikiwaeleza hali ya hewa ya Perth kama mwenyeji.

"Nipe kalamu," nikamwambia mkwe.

"Si lazima leo, Mzee."

"Hesabu yenye kosa hailali mezani."

Nikapiga upya kwa vyumba vitatu, kwa sauti, ili wasikie kila hatua.

"Perth inawezekana," nikasema. "Mshahara wa mmoja utalipa mkopo wa nyumba, wa mwingine utawalisha."

Mkwe alinishukuru akitazama sakafu. Nikavaa koti nikatoka kukwangua barafu kwenye kioo cha gari lake, kazi ambayo hakuna aliyewahi kuniagiza, na utumishi kama huo kwetu mkwe ndiye humfanyia baba mkwe. Aliniona dirishani. Hakutoka kunizuia, nami nilishukuru kwa hilo.