Mizani Tatu Zilizoachwa Wazi

Sekela alichuma chai kwa mikono miwili, na kwa mikono hiyohiyo alipima mashairi. Mkono wa kulia ulichuma mara nane, wa kushoto mara nane, na mstari ukawa umetimia. Neno likiisha na mkono bado unatafuta jani, alijua mizani imepungua. Aliurudia mstari tangu mwanzo, midomo ikitikisika bila sauti, hadi wachumaji wenzake wakamtania kwamba majani yake yana masikio.

Alizaliwa Kinyala, akasoma hadi darasa la saba, akaolewa na Lugano huko Lufingo akiwa na miaka ishirini na mmoja. Sasa ana sitini na mmoja. Ana shamba la viazi, migomba nyuma ya nyumba, kipande cha chai, na madaftari kumi na mawili ya mashairi ambayo panya wamekula pembe zake. Ametungia harusi, ubatizo, kuagwa kwa walimu, na kisima kilipochimbwa. Hakuna aliyemwita mshairi. Waliposema "mwiteni Mama Ikupa aje na maneno yake," alielewa kwamba ndivyo wanavyomheshimu.

Katika madaftari yote hayo hakuna ubeti unaomalizika kwa *ni*.

Anayeanza kutunga kwa Kiswahili hukimbilia *ni* kwanza. Nyumbani, shambani, moyoni, duniani: ni kina kilicholala mlangoni, mtu anakiokota bila kuinama. Sekela alikiruka. Alitafuta *ko* na *we*, akasumbuka siku tatu kwa *zi*, na kwa sababu hiyo mashairi yake yalikuwa na mlio ambao sikio halikuutarajia. Watu walidhani ni kipaji. Sababu ni kwamba baba mkwe wake aliitwa Amoni.

Wanyakyusa wana adabu ya ukwe iitwayo ingamwana. Mke hamtazami baba mkwe wake, hakai naye chumba kimoja, hapiti njia anayopita, wala halitaji jina lake. Wanawake wa zamani waliyaepuka hata maneno yanayofanana nalo, wakaweka mengine mahali pake. Siku hizi wengi wameiacha. Wakwe na wakamwana wanakula meza moja, wanapigiana simu. Sekela alifundishwa na mama mkwe wake katika juma la kwanza la ndoa, na hakuiacha. Hakuna aliyemwambia aipeleke hadi kwenye Kiswahili. Aliwahi kunieleza kwamba katika mazungumzo isingewezekana, maana mtu hawezi kuishi bila kusema nyumbani. Lakini kina hugongwa, kikarudi, kikagongwa tena. Kufunga ubeti mzima kwa mwisho wa jina la mzee kulikuwa, kwake, sawa na kumwita kwa kelele njiani.

Nyumba zao zilitenganishwa na migomba tu. Kwa miaka arobaini Sekela hakumfahamu baba mkwe wake kwa sura. Alimfahamu kwa sauti. Kabla ya kukata kona, mzee alikohoa, kisha akagonga fimbo kwenye njia mara tatu, ko, ko, ko. Sekela aliingia pembeni kwenye migomba, akampa mgongo, akasubiri hatua zipite. Ugali na maharage aliyoyapika yalipelekwa na wengine, na sahani zilirudi tupu. Jioni, alipojisomea beti zake jikoni, alisikia kigoda kikiburutwa upande wa pili wa ukuta wa mianzi. Hakuuliza ni nani. Alisoma kwa sauti ya juu kidogo.

Machi mwaka huu kifua kilimkamata mzee. Mvua ilikuwa ya kila siku, na alikuwa amekaribia miaka tisini. Binti yake Esnath alirudi kutoka Mpuguso kumuuguza. Asubuhi moja alimfuata Sekela jikoni.

"Wifi, mzee ana neno kwako."

"Anataka uji?"

"Uji! Angetaka uji ningeshukuru." Esnath aliketi, akachukua kiazi na kisu. "Anasema siku ya kumzika hataki historia ya marehemu, alizaliwa lini, alibatizwa lini. Anasema hiyo inalaza watu. Anataka shairi lako."

Sekela aliendelea kuchochea moto.

"Na anasema jina lake liwemo. Lisikike hadi kwa watu wa nyuma kabisa."

"Esnath."

"Ndiyo maneno yake, sijaongeza chumvi. Anasema, mkamwana wangu anatunga vizuri, ila kila akifika kwenye *ni* anazunguka kama mtu aliyeona nyoka. Mwambieni nimemfungulia, ataje."

Kwa hiyo alikuwa akisikiliza miaka yote, hata kile ambacho hakikuwemo.

"Si kazi ngumu, wifi," Esnath alimchokoza. "Amoni yuko shambani, Amoni yuko mbinguni, umemaliza!"

Sekela aliziba masikio kwa viganja vyenye majivu. Esnath akacheka hadi akakohoa, kisha akanyamaza ghafla, maana kikohozi chake kilifanana mno na kile cha nyumba ya pili.

Mzee alifariki baada ya siku tisa, Jumatano. Mazishi yalipangwa Ijumaa. Sekela alikuwa na siku moja.

Alijaribu kutii. Akiwa peke yake nyuma ya nyumba aliandika mstari wenye jina, mkono ukakubali. Alipotaka kuusoma, ulimi ulifika kwenye herufi ya kwanza ukasimama. Akajaribu tena, ukasimama palepale. Lugano, mumewe, mtu wa maneno machache, alimkuta ameketi kwenye jiwe la kufulia.

"Nipe mimi nisome," alisema. "Ni baba yangu, mimi namtaja."

"Utalisoma kama tangazo."

"Kweli nitalisoma kama tangazo. Lakini litakuwa limesomwa, Mama Ikupa."

Alikataa. Mzee hakuomba karatasi, aliomba sauti aliyoizoea ukutani. Tena kulikuwa na jambo ambalo hakumweleza hata Lugano. Heshima ile ndiyo kitu pekee walichowahi kuwa nacho pamoja, yeye na mzee. Kulitaja jina siku ya kumzika kungekuwa kuibomoa akiwa hawezi tena kukohoa upande wa pili. Lakini alikuwa amepewa neno la mwisho la mtu, na mtu huyo hangeweza kuombwa alibadilishe.

Usiku ulipoingia aliisikia fimbo kichwani. Ko, ko, ko. Akahesabu kwa vidole. Mizani tatu. Jina la mzee nalo lilikuwa mizani tatu. Alikuwa akijitambulisha kwake miaka yote, kwa pigo moja kwa kila silabi, labda bila kujua.

Asubuhi alimwomba Esnath ile fimbo. Beti zilikuwa tano, na kila ubeti uliishia kwenye nafasi ya mizani tatu. Pale angegonga. Watu wa Lufingo wote waliujua mlio ule, wangesikia anaitwa nani. Aliufanyia mazoezi kwenye njia ngumu ya mawe mbele ya nyumba, na ukamridhisha.

Ijumaa mvua ilikatika saa saba tu. Kaburi lilikuwa kwenye migomba, na udongo mwekundu uliochimbuliwa ulikuwa umekanyagwa ukawa uji. Sekela aliitwa. Alisimama akilipa jeneza mgongo, kama alivyosimama siku zote mzee akipita, na baadhi ya vijana waliguna kwa kutoelewa. Akasoma:

*Ukipita nilijua, kwa fimbo na kikohozi,*
*Pembeni nikatulia, nikizuia pumuzi,*
*Arobaini timia, pasi kuonana wazi,*
*Leo njia iko kimya, wapita wapi,*

Akainua fimbo, akagonga. Haikulia. Ilizama kwenye matope hadi kiganja kimoja, bila sauti yoyote. Alipoichomoa na kugonga mara ya pili, tope lilinyonya tu. Ya tatu hakuipiga.

Mstari ulibaki umening'inia. Watu zaidi ya mia mbili walikuwa wakisubiri, na masikio yao, yaliyokwisha kuzoeshwa na mistari mitatu, yalijua kwamba kitu hakijatimia. Mtoto mchanga alilia mahali fulani, akanyonyeshwa. Sekela aliufungua mdomo. Nilikuwa karibu, niliona akiufunga tena.

"Amoni," alisema Esnath.

Alilisema polepole, kama mtu anayeweka kitu mezani. Sekela hakumtazama. Akasoma ubeti wa pili, akafika palepale, akanyamaza, na safari hii Esnath na Lugano wakasema pamoja. Ubeti wa tatu walijibu ndugu wote waliokuwa mbele. Wa nne, kwaya. Wa tano jina lilitoka nyuma kabisa, kwa watu waliosimama barabarani kwa kukosa nafasi, wengine wasiomfahamu mzee hata kidogo, likarudi kupitia migomba. Sekela alikuwa ameinamisha kichwa, na midomo yake ilikuwa imefungwa.

Niliona daftari lake mwezi Juni. Beti zote tano zimeandikwa kwa wino wa bluu, na mwishoni mwa kila ubeti kuna nafasi nyeupe, pana kiasi cha vidole vitatu. Ule mstari wenye jina aliouandika kwanza ameuchana. Aliniruhusu nisome, nami nikasoma kwa sauti, jikoni kwake, karibu na ukuta wa mianzi. Nilipofika kwenye nafasi ya kwanza nilisita, kisha nikalitaja jina.

Sekela alisubiri nimalize. Akageuka, akanipa mgongo, akaendelea kumenya viazi.