Pipa la Ghalani

Juzi hapa Bariadi, nyuma ya stendi, nilimfokea kijana wa watu hadi wapita njia wakasimama kutazama. Alikuwa anauza mapipa yaliyotumika, ameyapanga kando ya barabara, na mimi nilitaka moja la kukingia maji ya mvua. Nikainama, nikaingiza kichwa ndani kama kawaida yangu, nikavuta pumzi. Harufu ikanipanda puani: tamu kidogo, ya mafuta mafuta, inayoganda nyuma ya koo na kukataa kushuka. Dawa ya pamba, ile ya kuulia wadudu.

"Limeoshwa hilo, mama," kijana akaniambia. "Na moto tumelichoma kabisa."

Sikujua kama bado nina sauti kubwa namna ile. Nilimuuliza kama mama yake mzazi angemchotea maji ya kunywa humo. Nilimwambia na mengine ambayo mtu wa umri wangu, mwenye kiti chake kanisani, hapaswi kuyatamka hadharani. Maskini ya Mungu, hakujua kwamba sigombani naye. Nilikuwa nagombana na baba yangu, na baba tumeshamzika.

Ngojeni niwaeleze, maana nikiishia hapo mtanidhania kichaa.

Tulikaa kijijini, nje kidogo ya Bariadi, wakati ule wa ruksa, biashara ilipofunguliwa. Maduka yalianza kujaa sabuni na mitumba, wanunuzi binafsi wa pamba wakaanza kuja na malori yao, na chama chetu cha ushirika, ambacho tangu sijazaliwa ndicho pekee kilichonunua pamba yetu, kikawa kinakata roho polepole. Baba alikuwa mtunza ghala wa chama hicho. Funguo alizifunga kiunoni, akitembea zinalia, nasi watoto tulijua anakuja kabla hajafika kwenye ua wa minyaa. Ndani ya ghala lenyewe walikuwa wamebaki panya, magunia matupu na mapipa.

Mama alitoka Shishiyu. Kijijini walimwita kwa jina la baba yake, Ng'wana Masanja, kama wanawake wengi wa kwetu wanavyoitwa. Bibi mzaa mama alikuwa mpika pombe ya mtama, na sifa yake ilikuwa imevuka vijiji. Pamba ilipoacha kulipa, mama akasema naye atapika. Alitaka watu wa palizi, wa harusi na wa kujenga nyumba wamwagize yeye pombe, na waseme kwamba mkono wa Shishiyu umehamia kwetu. Sijawahi kumwona akitaka kitu kingine kwa nguvu vile.

Vyombo ndivyo vilivyokuwa shida. Zile sufuria kubwa zilikuwa za wenye vilabu mjini. Mitungi miwili ya udongo aliyopewa na bibi ilipakiwa kwenye baiskeli, mmoja ukapasukia njiani, na uliobaki haukutosha hata wazee wa ukoo mmoja. Basi mama akaanza kuokoteza. Gunia la katani alilifua mtoni mpaka maji yakatoka meupe, akalishona likawa mfuko mrefu wa kuchujia. Mwiko akachongesha, mrefu kunizidi mimi. Mtama aliulowanisha kwenye karai bovu lililozibwa kwa lami, akautandaza nyuma ya nyumba juu ya majani ya mnyonyo, akaufunika na gunia bichi hadi ukachipua. Kimea hicho tulikianika juu ya mwamba bapa ulio nyuma ya zizi.

Kazi yangu ilikuwa kufukuza kuku. Nilipewa fimbo na cheo, na jogoo wetu hakuheshimu hata kimoja. Alijifanya anapita zake, anatazama upande wa mlima, halafu ghafla yumo katikati ya kimea anakula huku ananitazama. Nilimchukia jogoo yule kwa moyo wote.

Kilichobaki kilikuwa chombo kikubwa cha kupikia na kuchachushia. Jioni moja baba akaja anasukuma mkokoteni wenye pipa la chuma.

"Lilikuwa la mafuta ya kula," alisema. "Yale ya msaada."

Fundi akalikata mdomo kwa tindo na nyundo, akazikunja kingo zisitukate. Baba akalijaza mashina makavu ya pamba akayawasha, kisha akalisugua kwa mchanga na majivu mpaka likang'aa. Mama alilizunguka akiligonga kwa vidole, akisikiliza mlio wake. "Wabeja, Baba Minza," alisema, na alimshukuru hivyo zaidi ya mara moja. Minza ndiye mimi.

Mtaniuliza kama hatukusikia harufu. Hapo ndipo roho inaponichoma hadi leo. Tuliisikia, jamani! Lakini nyumba yetu yote ilinuka dawa ya pamba. Chupa zake zilikaa chini ya kitanda, bomba la kupulizia lilitundikwa juu ya gunia la mahindi, na shati la baba la shambani lilianikwa kamba moja na gauni langu la kanisani. Mtu wa kwetu hakuhesabu harufu ile kuwa ya sumu. Ilikuwa ya msimu, ya kazi, ya mzazi aliyerudi kutoka shamba. Pipa lilinuka kama baba, nasi tukaona sawa.

Mama akapika. Uji wa mtama ulitokota, mvuke wake ukajaa ua mzima, na ulipopoa kiasi cha kuvumilika mkononi akatia unga wa kimea, akakoroga, akalivika pipa blanketi kuukuu ili joto lisitoroke. Uji ule mzito hulainika wenyewe na kuwa mtamu, na kwa kawaida watoto hugawiwa kabla haujachacha. Mara hii mama alikataa. Alisema yote ni ya wageni aliowaalika waje kuionja pombe yake ya kwanza. Nilinuna, nikakaa mbali naye, nikamtupia jiwe jogoo ambaye hakuwa na kosa siku hiyo. Mama mwenyewe alionja kwa ncha ya kidole tu, na kesho yake akaamka na kichwa kizito na kichefuchefu. Tulidhani ni malaria.

Siku ya wageni ilipofika, mama alichuja pombe asubuhi kwa lile gunia, akairudisha pipani, na machicha akawamwagia kuku. Mimi ndiye niliyewakuta. Jogoo alikuwa kifudifudi, mabawa yametandazwa kama anaota jua. Tetea wawili walikuwa wanazunguka wakianguka, wanainuka, wanaanguka tena. Nilikimbia kumwita mama. Aliwatazama kuku, akayatazama machicha, kisha akatembea hadi nje ya ua, mbali kabisa, akasimama huko akivuta hewa isiyo na harufu ya kwetu. Aliporudi, alikwenda moja kwa moja kwenye pipa na kulinusa kama vile ndio kwanza limeletwa.

Baba alikuwa nyuma ya nyumba ananyoa ndevu. Niliwasikia kutoka kwenye kona.

"Pipa lile lilikuwa na nini?"

"Nimelichoma. Nimelisugua na mchanga. Lina nini tena?"

"Nimekuuliza lilikuwa na nini, Baba Minza."

Baba akaosha wembe. "Dawa," alisema. "Lakini ilikuwa imebaki kidogo sana chini."

"Watu wanakuja. Toka ukawaambie."

"Niwaambie nimelitoa wapi?"

Nilikuwa mdogo, sikulielewa swali hilo. Sasa nalielewa vizuri kupita ninavyotaka. Kamati ya chama ilikuwa inakagua mali iliyopotea ghalani. Mnunuzi mmoja binafsi alikuwa mbioni kulikodi ghala lile lile, na alihitaji mtunza ghala mwaminifu. Baba alikuwa ameshaahidiwa kazi.

Wageni wakafika wamependeza. Bibi Mbuke, jirani yetu aliyeheshimiwa kuliko wote, ambaye neno lake kuhusu pombe lilitosha kumjenga mtu au kumbomoa, alipewa kigoda cha mbele. Wanaume wakakaa upande wa zizi, baba katikati yao na funguo zake. Pombe ilikuwa imeumuka vizuri. Povu lilipasuka taratibu, na harufu yake, nawaapia, ilikuwa nzuri.

Kwetu mwenye pombe ndiye anayeanza kunywa. Anachota, anameza mbele ya watu wote, ndipo wengine wapewe. Kwa njia hiyo anawaonyesha kwamba hakuna kitu alichotia.

"Haya mayu, anza," Bibi Mbuke alisema akicheka; mayu kwetu ni mama. "Makoo yamekauka."

Mama akachota kwa kata. Akaiinua mpaka karibu na midomo, halafu akasimama hivyo, akimtazama baba. Wote walimwona akimtazama. Baba alikuwa ameinamisha kichwa anazichambua funguo moja moja, kana kwamba kuna mlango pale wa kufungua. Mama alimngoja. Nasema alimngoja, kwa sababu niliona kata inaanza kuinama na pombe inamwagika kwenye kanga.

Kisha akairudisha kata pipani, akashika mdomo wa pipa kwa mikono miwili, akalisukuma. Pombe yote ikaenda chini, ikapita katikati ya miguu ya watu hadi zizini.

"Imeharibika," alisema. "Nisameheni."

Bibi Mbuke aliondoa miguu yake. "Imeharibika vipi na inanukia hivi? Mbona wewe mwenyewe umeogopa kuinywa?"

Baba akaendelea kuzichambua funguo zake. Mwanamume mmoja akauliza kwa sauti ya chini kilichotiwa mle ni nini, na mwingine akawaonyesha wenzake kuku waliokufa. Waliondoka bila kuaga. Mama akachukua sururu akalitoboa pipa matundu kila upande ili mtu yeyote asije akaliokota na kutekea maji. Hilo nalo walilisema kijijini, kwamba alikuwa anaharibu ushahidi.

Mnajua kwetu neno gani humfuata mwanamke anayekataa kunywa pombe aliyoipika mwenyewe. Halikusemwa mbele yake. Lilisemwa kwa adabu. Penye msiba au harusi, mama akishika kisu akate mboga au akisogelea jiko, kulikuwa na mtu wa kumwambia, "Wewe pumzika, mayu." Walimpumzisha tangu siku ile. Mwanamke mwenye nguvu za kusukuma pipa lililojaa alikaa pembeni kwenye mkeka, mikono mapajani, akiwatazama wenzake wakipika.

Baba alipata kazi yake. Viatu vyangu vya shule vilitokana nayo, na daftari zangu pia, na ninapokumbuka hivyo nazidi kukasirika, kwa sababu hata hasira yangu imesomeshwa na funguo zile.

Alipokufa, msemaji mmoja alisimama kaburini akatusifia marehemu. Alisema ghalani hakuwahi kutoka na hata msumari. Watu wakaitikia. Nilimtafuta mama kwa macho nikamkuta kwenye mkeka. Siku ya kumzika mume wake, nyumbani kwake, jikoni kwake, walikuwa wamemwambia apumzike.

Jioni nilimkalisha chumbani nikamuuliza kwa nini hakusema. Nilikuwa nalia kwa hasira. Utotoni niliamini alinyamaza kwa woga. Ukubwani nikaamini alinyamaza kwa ajili ya kazi ya baba, kwa ajili yetu.

"Nilikuwa nampa nafasi aseme mwenyewe," alinijibu.

"Miaka yote hii, mama?"

"Siku ile nilidhani atasema kesho. Kila asubuhi nilidhani ni leo." Alikunja kanga yake ya msiba. "Kwenye ugonjwa wake nilikaa karibu na kichwa chake, ng'wana wane, ili asipate shida ya kupaza sauti."

Nikamwambia basi sasa aseme yeye. Akatikisa kichwa. Alisema amezoea kupumzika, nami kama nina nguvu, niseme.

Nguvu ninazo. Pipa lile lilitoka ghalani. Lilikuwa la dawa ya pamba, na aliyelileta ni baba yangu, na alijua. Bibi Mbuke bado yu hai, anasikia kwa sikio moja, na nitaliinamia sikio hilo. Nanyi wengine mliokaa uani kwetu siku ile na makoo yamekauka, mkazeeka, mkapata wajukuu: mnayemwambia apumzike ndiye aliyewarudisha nyumbani mkiwa hai.