Pole Kumi na Nne

Mtaani hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Alikuwa Bi Ustawi, basi, kwa sababu kwa miaka ishirini na miwili alikuwa amekalia kiti kilekile katika ofisi ya ustawi wa jamii, chumba cha tatu kushoto, akipatanisha wanandoa, akiwatafutia watoto walezi, na kuwaeleza wenye matatizo jinsi walivyojitafutia matatizo hayo. Kazi aliijua. Mtu akifungua mlango, kabla hajakaa, Bi Ustawi ameshajua ana nini, nani kamkosea, na afanye nini kuanzia kesho asubuhi. Kumsikiliza kulikuwa adabu tu, kama kumpa mgeni maji.

Ndipo wakubwa wakaamua kwamba mkuu wa kitengo sharti awe na shahada ya uzamili. Kiti cha mkuu kilikuwa wazi, na aliyekuwa akikikodolea macho ni binti wa miaka ishirini na tisa, mwenye shahada hiyo na kucha ndefu, aliyekuwa akimwamkia Bi Ustawi shikamoo kwa sauti ya kumwamkia mgonjwa. Bi Ustawi akaapa hatazeeka akiomba likizo kwa mtoto aliyezaliwa yeye akiwa ameshamaliza shule. Akajiandikisha kusoma mtandaoni.

Elimu ya mtandaoni ni kitu kizuri sana. Huna haja ya kutoka nyumbani. Aibu inakufuata hapohapo mezani kwako. Aliweka kompyuta kwenye meza ya chakula, na nyuma yake akatundika kitambaa cha maua ili wanafunzi wenzake wasione friji tatu mbovu za mumewe, fundi friji anayesifiwa mji mzima na ambaye ya nyumbani kwake haijagandisha kitu mwaka wa nne. Nadharia Bi Ustawi alizifaulu. Takwimu alizifaulu kwa machozi, lakini alizifaulu. Lililomshinda ni somo la mahojiano.

Sharti lenyewe lilikuwa dogo. Arekodi mazungumzo ya dakika ishirini na mtu anayejifanya mteja, ayaandike neno kwa neno, hata kikohozi, kisha ayatume pamoja na fomu ya ridhaa iliyosainiwa na huyo mteja. Mteja aongee, mwanafunzi asikilize. Asitoe ushauri. Hilo la mwisho alipolisoma, alidhani limekosewa kuchapwa.

Mara ya kwanza alimtumia karani wa ofisini. Karani akasema ana shida na mkewe. Ilipofika dakika ya pili Bi Ustawi alikuwa ameshampangia ratiba ya wiki nzima, ikiwemo siku ya kuomba msamaha. Karani wa watu, aliyekuwa anaigiza tu, akarudi nyumbani na wasiwasi wa kweli. Mhadhiri, mwanamume mpole aonekanaye kwenye kioo na makabati ya vitabu nyuma yake, akamfelisha. Mara ya pili alimkalisha jirani muuza mitumba, na safari hii mhadhiri akamwandikia maelezo: "Mteja ameongea dakika tatu, wewe kumi na saba. Umesema 'pole' mara kumi na nne, na kila pole ilikuwa ya kumnyamazisha."

Hilo la pole lilimchoma. Mtu asiyesema pole ni mtu wa namna gani? Akaziorodhesha zote kwenye karatasi, atafute iliyo na kosa. Pole, sasa nisikilize. Pole, lakini na wewe. Pole, ndiyo maana siku zote nasema. Akazipitia mpaka ya kumi na nne, akaridhika kwamba mhadhiri ana chuki binafsi.

Ikabaki nafasi ya tatu, ya mwisho, kabla ya Jumapili saa kumi na mbili jioni. Akifeli, somo analianza upya muhula ujao, na kiti cha mkuu hakiwezi kukaa kitupu kikimngoja yeye. Majirani nao, walipomwona anakuja na kompyuta kwapani, ghafla kila mmoja akawa na safari. Akabaki wifi yake.

Huyu alikuwa dada wa mumewe, fundi cherehani, aliyekuwa akiishi chumba cha uani mwaka wa kumi na moja sasa, tangu ndoa yake ivunjike. Ni mwanamke wa maneno machache, hali ambayo Bi Ustawi aliihesabu kuwa maradhi na kwa miaka yote hiyo hakuacha kuitibu. Jumamosi mchana alimwekea fomu juu ya cherehani. Wifi akasaini bila kusoma, maana alikuwa na sare za shule kumi za kumaliza, akauliza ajifanye nani.

"Yeyote. Mtu anayeishi kwa ndugu, kwa mfano. Buni tu matatizo."

Wifi akamtazama kidogo. "Nibuni," akasema.

Wakakaa. Bi Ustawi akawasha kamera, akatia mdomoni pipi kubwa ya kifua, makusudi, imzibe.

"Mimi naishi kwa kaka yangu," wifi akaanza. "Nakula, nalala, hakuna anayenitukana. Ila wiki iliyopita nilikwenda kununua uzi. Mwanamke simjui, hanijui, akanishika mkono akaniambia, pole dada, hata wangu mimi aliondoka na mpangaji."

Pipi ikasimama shavuni.

Bi Ustawi alikuwa na mfano mmoja ambao haukuwahi kumwangusha. Kwenye semina za wanawake, kwenye mafunzo ya wasaidizi, popote penye viti na wasikilizaji, alianza hivi: nina wifi yangu. Kisha akasimulia jinsi mume alivyoondoka na mpangaji wao wa chumba cha mbele, na jinsi wifi alivyokuwa akimfulia yule mpangaji mashuka kwa roho nzuri, hajui anafua nini. Hapo kwenye mashuka wanawake walitoa leso. Jina hakulitaja hata siku moja, kwani yeye ni mtu wa maadili. Alisema tu wifi yangu, na wifi alikuwa naye mmoja.

"Alijua mpaka mashuka," wifi akaendelea, taratibu kama mtu anayepima kitambaa. "Mashuka nilimwambia mtu mmoja, nalia, jikoni kwake. Sasa nikimpima mtu gauni ananipa pole. Nikinunua vifungo napewa pole. Nataka kuwa fundi tu, nimeshindwa. Mimi ni mfano."

Bi Ustawi alikuwa na majibu saba tayari. Kwamba ilikuwa kwa ajili ya kuwasaidia wengine. Kwamba wako wanawake waliopona kwa habari ile. La kwanza lilianza na pole. Akayameza yote pamoja na pipi, akasema "mh." Tusimsifu bure: alinyamaza kwa ajili ya maksi. Lakini alinyamaza, na wifi akaongea dakika kumi na nane, mengi kuliko aliyoyasema kwa mwaka mzima, kisha akauliza kama zimekwisha, akarudi kwenye sare zake.

Jumapili Bi Ustawi akaanza kuyaandika. Neno kwa neno ni adhabu iliyobuniwa na mtu mwenye akili sana: unachoweza kujifanya hukukisikia, lazima ukiandike. Alipofika kwenye "mimi ni mfano" aliinuka kwenda kunywa maji mara tatu. Saa tisa alikuwa amemaliza. Yalikuwa mazungumzo mazuri kiasi cha kutisha, fomu ilikuwa na saini, kilichobaki ni kubonyeza. Na rekodi nzuri kuliko zote huonyeshwa darasani, kwa wanafunzi thelathini na wawili.

Akatoka na fomu yake mpaka uani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliuliza swali bila kulifuatishia jibu: ayapeleke, au asiyapeleke? Wifi akataka kujua ni nani watakaosikia. Akamtajia wote, hata wale thelathini na wawili hakuwaficha. Wifi akashona mshono mmoja mpaka mwisho.

"Usipeleke."

"Ndiyo maksi zangu hizo, wifi."

"Najua. Usipeleke."

Saa kumi na moja na nusu akafungua ukurasa wa chuo, penye kisanduku cha sababu ya kutowasilisha kazi. Akaandika: Mteja ameondoa ridhaa. Mashine ikamkatalia, ikasema maneno yasipungue mia mbili. Akaanza tena: Mteja, ambaye ni ndugu wa karibu aliyepitia... Akasimama hapo. Alikuwa anayafua mashuka yaleyale kwa sabuni nyingine. Akafuta. Akairudia ile sentensi yake fupi mara sitini na saba, moja chini ya nyingine, na mashine, kwa hekima ya mashine, ikapokea.

Jumanne mhadhiri alimpigia, akauliza kama huo ni mzaha. Bi Ustawi akasema siyo. Basi aeleze kidogo tu, mhadhiri akamsihi, apate cha kumtetea nacho kwenye kamati. Si lazima amtaje mtu.

"Siwezi kueleza bila kusimulia, mwalimu."

Kamati haikupata cha kujadili, ikampa sifuri. Wiki mbili baadaye binti wa kucha ndefu akahamia ofisi ya mkuu wa kitengo, na Bi Ustawi akamsaidia kubeba mafaili, huku akimweleza jinsi ya kuyabeba.

Jioni hiyo, jua bado lipo, wifi alikuja ndani na gauni la mteja wake mkononi, akauliza wamesemaje huko chuoni.

"Narudia muhula ujao."

Wifi akakata uzi kwa meno. "Mtu wa kuongea naye umepata?"

"Bado."

"Si huyo kaka hapo."

Mume, kichwa kikiwa ndani ya friji ya watu, akajibu kwamba asihesabiwe, yeye tangu aoe hajawahi kuwa na tatizo lolote. Wote wawili wakamgeukia. Bi Ustawi akafungua mdomo, akaufunga, akavuta kiti karibu.

"Enhe," akasema.

Mume akaweka bisibisi chini.