Nyumba ya Mwisho Bado Inaitikia Hodi

Saa tatu asubuhi, jua limeshachangamka, msoma mita za maji amesimama mbele ya geti lenye kutu. Kengele ipo, lakini haigusi. Anakohoa kidogo, kisha anaita, "Hodi!"

Wakazi wa kitongoji hiki humwita Babu Hodi. Alianza kazi hapa akiwa kijana, nyumba zikiwa za makarani wa kiwanda cha nguo, zimetenganishwa na michongoma ya kufika kiunoni tu. Watu walipeana chumvi juu yake na kujuliana hali bila kutoka uani. Kiwanda kilipofungwa makarani wakauza, na wanunuzi wakajenga kuta na kupanda vipande vya chupa juu yake. Siku hizi mtu anaugua wiki nzima, jirani anakuja kujua siku ya mazishi.

Nyumba hii ya mwisho peke yake haikuuzwa. Mwenyewe, mjane wa karani, alishafariki. Muuguzi mstaafu wa nyumba ya pili anasema alikuwepo makaburini. Mita haijasogea tangu hapo, lakini hodi huitikiwa.

"Nakuja, mwanangu."

Mwandishi wa makala haya aliisikia pia, na hakuipenda. Ni sauti ya bibi, tulivu, isiyo na haraka.

Babu Hodi anaeleza kwamba mjane huyo alisumbuliwa na miguu, kwa hiyo alizoea kuitikia kwanza na kufika baadaye. Zamani sauti ilitoka huko nyuma, jikoni. Mwaka jana ikawa sebuleni. Leo imetoka barazani, na barazani hakuna mtu.

Mkewe humtania kwamba ana mke wa pili nyuma ya ukuta. Yeye hucheka, ila anakiri kuwa anaogopa. Kinachomuuma zaidi ni kwamba mwezi ujao zinafungwa mita za kusomwa kutoka ofisini, naye anapumzishwa. Mtaa mzima hautakuwa na wa kubisha hodi.

Ameshapanga, hata hivyo. Atakuja bila sare, kama mgeni wa kawaida. Anatoa kichupa mfukoni na kutia mafuta kwenye komeo la geti.

"Bibi wa watu amejikongoja miaka yote hii," anasema. "Sitaki afike hapa akute nimeondoka."