Mwarobaini Ambao Hakuutaja

Kosa langu la kwanza katika masomo ya chuo lilikuwa kumlisha maneno mama mmoja wa Kibondo. Niliandika kwamba anahifadhi maharage yake kwa majani ya mwarobaini. Hakuwahi kusema hivyo. Sikukusudia kumzushia, lakini ripoti ilikuwa na jina langu juu yake, na siku nilipotakiwa kuieleza sikuwa na pa kujificha.

Ninasoma shahada ya maendeleo ya jamii kwa masafa. Ninaishi Kasulu mjini na kufanya kazi kwenye steshenari, nikichapa barua na ripoti za watu. Kompyuta nilijifundisha hapo hapo dukani. Kiingereza nilikiokota kwenye redio na kwenye ripoti nilizokuwa nachapa. Aliyejifundisha mwenyewe ana wasiwasi wake: hajui ni kipi asichokijua. Kwa hiyo mimi hukagua kila kitu mara tano. Ujumbe wa simu kwa mwalimu nauandika, naufuta, nauandika tena, mpaka chai inapoa mbele yangu.

Woga huu naujua ulikoanzia. Nilikuwa kidato cha pili, shule ya kata huko kwetu Makere, mwalimu alipoisoma insha yangu ya Kiingereza mbele ya darasa, sentensi moja moja, wenzangu wakicheka. Nadhani alitaka tujifunze kutokana na makosa. Mimi nilijifunza kuyaogopa. Hata leo nikiandika Kiingereza ninasikia lile darasa nyuma yangu.

Ndiyo maana akili mnemba ilipofika kwenye simu yangu niliipokea kama mgonjwa anavyopokea dawa. Ilikuwa hainicheki. Niliipa sentensi yangu iliyopinda, ikanirudishia iliyonyooka. Chuo hakikutukataza. Mwongozo tuliopewa ulisema tunaweza kuitumia kusahihisha lugha na kueleweshwa mada, ila tusiitumie kutengeneza taarifa za utafiti, na kila ripoti iwe na ukurasa wa mwisho unaoeleza tuliitumiaje. Niliusoma mwongozo huo mara tano, kama kawaida yangu. Nilikuwa naujua.

Kazi yetu ya mafunzo kwa vitendo ilikuwa kuzungumza na kaya kumi kuhusu namna wanavyohifadhi maharage kutoka mavuno hadi msimu wa kupanda. Alama zake zilikuwa nzito: ukiikosa, unarudia mwaka. Nilikwenda kijiji kimoja nje kidogo ya mji wa Kibondo, nikafikia kwa mama mdogo, ambaye ameolewa huko.

Kaya zote kumi nilizimaliza kwa siku mbili. Nilifurahi kwa kasi hiyo. Kaya ya saba ilikuwa ya mama mmoja wa makamo, mjane, mwenye shamba la maharage nyuma ya nyumba na ulimi mwepesi. Tulizungumza Kiha. Nilimuuliza maharage yake anayahifadhi kwa kitu gani, akajibu, "Kwa majivu. Nachanganya. Yanakaa." Nikaandika hayo hayo kwa Kiswahili. Nilipofunga daftari akaniambia, "Ngoja. Nisomee ulichoandika."

Hilo si jambo geni kwetu. Wakubwa wengi hawakusoma, na tangu zamani anayeandikiwa barua huomba asomewe kabla haijafungwa, ajue kinachotoka nyumbani kwake kwa jina lake. Nilimsomea. Akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Sawa, hayo ni yangu. Nenda nayo."

Nilirudi kwa mama mdogo, nikakaa na daftari langu, na aibu ikaniingia. Jibu la maneno manne. Nilijiona nimesimama tena mbele ya lile darasa. Nikaliingiza kwenye simu na kuiambia akili mnemba ilipanue liwe jibu la kitaaluma, kwa Kiingereza. Ikaniletea aya nzima. Kwamba mkulima huyu huanika maharage juani, huyachanganya na majivu na majani makavu ya mwarobaini, huyafunga kwenye magunia yasiyopitisha hewa na kuyainua juu ya mbao ili yasiguse sakafu. Ilikuwa aya nzuri sana. Niliisoma mara tano. Nilikagua kila alama ya mkato. Mara zote tano sikujiuliza hata mara moja kama yule mama alisema hivyo.

Nikafanya vivyo hivyo kwa kaya zilizobaki. Halafu nikaandika ukurasa wa mwisho, nikasema nimetumia akili mnemba kusahihisha lugha tu. Huo ndio ukurasa pekee nilioutunga mwenyewe bila msaada wowote, na ndio uliokuwa na uongo wa kukusudia.

Msimamizi wangu alikuja baada ya siku chache kukagua wanafunzi waliokuwa upande wa Kibondo. Ni mhadhiri wa kike, mwenyeji wa Singida, sauti yake ya chini, na wote tunamwita Madam. Alikaa kwenye kiti cha plastiki uani kwa mama mdogo na kuisoma ripoti yangu polepole. Mama mdogo alimletea chai, akasema kwa kujivuna, "Huyu hata kalamu anaifuta vumbi." Madam akatabasamu bila kuinua macho. Alipofika kaya ya saba akasimamisha kidole.

"Mwarobaini huu wanautoa wapi?"

"Hapa hapa, Madam."

"Kwetu Singida imejaa. Hapa tangu nimeshuka kwenye gari naangalia, sijauona."

Mama mdogo akadakia kwa nia njema kabisa. "Upo mmoja pale zahanati. Nao umegoma kukua, baridi ya huku hauiwezi."

Madam alifunga ripoti. "Nipeleke kwa huyu mama."

Njia ya kwenda kule ni ya dakika kumi. Niliitembea nikihesabu uwezekano. Madam hajui Kiha. Yule mama Kiswahili anakisikia kidogo tu, cha sokoni, na kukizungumza hapendi. Kati yao mkalimani ni mmoja, mimi. Naandika hili kwa sababu ndilo ninaloona aibu kulikumbuka kuliko yote: kabla hatujafika nilikuwa nimekwisha kuandaa sentensi. Nikiulizwa, ningesema, "Anasema ndiyo, Madam, siku hizi majani anayapata kwa jirani."

Tulimkuta anapura maharage kwa fimbo juu ya turubai. Tukasalimiana kwa Kiha, mwakeye, akaacha fimbo na kutupa vigoda. Madam akaomba nimsomee ile aya kwa Kiha, yote, nisiruke kitu. Nikaanza. Nilipofika kwenye mwarobaini yule mama akanikatisha.

"Hayo ya nani?"

"Yako, mama."

"Yangu?" Akamwangalia Madam, akaniangalia mimi, akaanza kucheka. "Mwanafunzi wako huyu alikuja hapa kama mtu aliyeacha sufuria motoni. Hata maji niliyompa hakuyamaliza. Sasa ameniletea magunia yasiyopitisha hewa."

"Anasema nini?" Madam aliuliza.

"Anasema nilikuwa na haraka kidogo."

"Amesema maneno mengi kuliko hayo."

Nikatafsiri upya. "Anasema nilikuja kama mtu aliyeacha sufuria motoni."

Madam hakucheka. "Na mwarobaini?"

Sentensi yangu ilikuwa tayari ulimini. Nadhani ningeisema. Lakini yule mama alikuwa ameshanyoosha mkono kuelekea mfuko wangu, ambako daftari lilikuwa limechomoza.

"Hiyo karatasi siijui," aliniambia. "Nisomee kile kitabu cha siku ile. Kile nilikikubali."

Nikatoa daftari. Nikafungua kaya ya saba. Nikasoma kwa Kiha, halafu nikasoma kwa Kiswahili ili Madam asikie: "Kwa majivu. Nachanganya. Yanakaa." Ukurasa ulikuwa mweupe chini ya maneno hayo, na Madam aliuona.

"Mwarobaini hakuutaja," nilisema. "Wala magunia. Niliiambia akili mnemba ipanue jibu. Na ukurasa wa mwisho niliandika uongo."

Yule mama, ambaye hakuelewa nilichokiri lakini alielewa uso wangu, akauliza, "Wanakufukuza?"

Nikamtafsiria Madam na hilo, kwa kuwa sikuwa na jingine la kufanya.

"Mwambie bado," alisema Madam. "Mwambie ninataka kujua hayo majivu ni ya nini."

Nikamuuliza. Na hapo ndipo nilipoumia kuliko pale nilipokiri. Yule mama alizungumza kwa muda ambao ningeweza kumaliza kaya mbili za mtindo wangu. Si majivu yoyote, alisema. Ya kuni za msituni hayataki. Anachoma maganda ya maharage yenyewe, anayachekecha, anayaacha yapoe siku nzima. Kabla ya kuchanganya anang'ata punje moja: ikibonyea chini ya jino, inarudi juani, ikilia, imekauka. Na ya mbegu hayachanganyi na ya kula. Ya mbegu yanakaa kwenye chungu juu ya meko, moshi unayapitia, na chungu hicho hakifunguliwi na mtu mwingine mpaka siku ya kupanda.

"Mbona siku ile hukuniambia, mama?"

"Uliniuliza?"

Nilitafsiri yote hayo, neno kwa neno. Madam aliandika kwenye daftari lake mwenyewe. Akaomba punje, akaing'ata. Yule mama akatega sikio na kusema, "Bado. Ya kwako imebonyea."

Tulipokuwa tunarudi nilisubiri anigombeze. Nilikuwa nimejiandaa kwa kugombezwa. Ningejua namna ya kuvumilia. Yeye alizungumza kama anayesoma ratiba.

"Ripoti hii siipokei. Una wiki mbili. Urudi kaya zote kumi, ukae, unywe maji ya watu. Ukurasa wa mwisho uuandike upya, ueleze na hili la leo. Hata ikija nzuri namna gani, nitakupa alama ya kupita tu."

"Niache kuitumia kabisa, Madam?"

"Nimesema uache? Mimi mwenyewe barua zangu ninazinyoosha nayo. Nimesema uniambie." Alitembea kidogo. "Kiingereza chako kibovu ningekirekebisha. Mwarobaini wa uongo ningeurekebishaje? Ningeuamini tu, kesho nikawafundisha wengine."

Nililala kwa mama mdogo wiki mbili zaidi, na steshenari wakanivumilia. Kaya mbili hazikutaka kunipokea tena, nikaandika hivyo. Kwa yule mama nilikaa asubuhi nzima nikichekecha majivu, akinisema kwamba nachekecha kama ninayeogopa kuchafuka, na kweli nilikuwa naogopa. Nilipomaliza nikamsomea kila kitu. Alinisahihisha mara nne.

Ripoti mpya niliiandika kwa Kiingereza changu kilichopinda, halafu nikaipa akili mnemba inyooshe sarufi bila kuongeza jambo. Iliongeza hata hivyo, sehemu mbili. Nikalinganisha na daftari, nikaziondoa. Kwenye ukurasa wa mwisho nikaeleza yote hayo, pamoja na ripoti ya kwanza na aya ya mwarobaini. Nilipata alama ya kupita, kama alivyosema. Niliitazama kwenye simu nikiwa nimesimama mlangoni pa steshenari na nikaumia, sitadanganya. Sijawahi kupata alama ndogo kiasi hicho. Lakini sikurudia mwaka.

Bado ninakagua mara tano, na bado chai inapoa. Kilichobadilika ni ninachokikagua. Siku hizi kabla sijafungua simu, ninamsomea aliyenijibu nilichoandika, naye anakubali au anakataa. Akili mnemba inaponirudishia maandishi, ninaweka daftari kando yake, na sentensi isiyo na mwenyewe ndani ya daftari ninaifuta, hata ikiwa nzuri. Ukurasa wa mwisho sasa ninauandika wa kwanza.