Kofia ya Sufu Kule Zubara

Tulitoka Nanyuki kwa basi, mimi na mwenzangu, tukapanda ndege Nairobi, kisha tukashinda Muscat tukingoja ndege ya pili, tumejilaza kwenye viti kama magunia. Tulipotua Doha, joto lilitupiga usoni kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa.

Sote tulikuwa wapagazi wa Mlima Kenya. Kwa miaka mingi tuliwabebea wageni mahema na vyakula, lakini kileleni hatukuwahi kufika. Mpagazi huishia kambini, akiwachemshia chai wanaoshuka. Kwa hiyo tuliahidiana: tukimaliza Doha, tutaupanda ule mlima pamoja, bila mzigo wa mtu, hadi juu.

Yeye akawa mlinzi wa jengo moja mtaani Al Sadd, mimi dereva wa familia moja Muaither. Doha ni tambarare kama sinia, basi siku za mapumziko tulipanda ngazi za jengo lake tukiwa na chupa za maji mgongoni, tusije tukasahau kupanda. Miaka ikapita. Sikumbuki kufurahi wala kuhuzunika. Niliendesha gari tu.

Hatimaye nikamwarifu mwajiri wangu kwamba naondoka. Mwenzangu akakumbuka mgeni mmoja aliyetusimulia kwamba kule Peru, kabla ya kupanda milima, watu huzuru kwanza magofu ya Wainka, pumzi izoee.

"Na sisi tuanze na magofu," alisema.

Mwajiri akaniazima gari Ijumaa moja, tukaenda kaskazini hadi Zubara, mji wa kale wa wafanyabiashara wa lulu. Kuta nyingi zilitufika magotini.

"Huu ndio mji?" mwenzangu aliuliza. "Hata mbuzi wa mamangu angeuruka."

"Nyamaza. Hapa watu walikuwa matajiri."

"Sasa wako wapi?"

"Si walienda zao."

Alicheka. Tulizunguka vyumba visivyo na paa. Nilitaraji kuhisi kitu. Nilihisi kiu.

Nilipogeuka, alikuwa ametoa begini kofia yake ya sufu, ile ya mlimani, ambayo hakuwahi kuivaa Doha. Kwetu wapagazi, anayeshindwa njiani hasemi kwamba anarudi. Humvisha anayeendelea kofia yake, halafu hushuka. Jua lilikuwa la utosi, jasho likimtiririka, naye akanivisha kofia ya sufu mpaka masikioni.

"Binti yangu ameitwa chuo cha uuguzi," alisema. "Nimetia sahihi mkataba mwingine."

"Sawa."

"Sema kitu, mzee."

"Inawasha."

Tulirudi mjini tukisikiliza redio ya Kiarabu, ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeielewa vizuri.

Siku niliyoondoka kabisa alinisindikiza akiwa na sare ya kazi. Teksi ilipita Al Thumama, ndege zikishuka juu yetu. Mlangoni pa uwanja wa ndege akaniwekea begi begani, akaukaza mkanda wa begi jinsi tulivyokuwa tukikaziana zamani.

"Ukifika juu, nipigie."

"Juu hakuna mtandao."

"Basi ukishuka, bwana. Utashuka, ama?"

"Nitashuka."

Ndani, kiyoyozi kilikuwa na baridi ya kambi ya juu. Nikavaa ile kofia. Masikio yakapata joto. Nikangoja nihisi na jambo jingine, mpaka wakaita ndege yangu, nikainuka.