Pengo la Mguu Mmoja

Yule mama wa mlango wa kijani, hapa mtaani kwetu Madurai, huwa haongei akiwa anachora. Anamwaga maji mlangoni, anainama bila kupiga magoti, halafu unga wa mchele unamtoka vidoleni kama uzi, akichora chini pambo la kila alfajiri la kuulinda mlango. Kwanza nukta, kisha mstari unaozizunguka bila kuzigusa. Nukta ni shida, anasema, mstari ni uhai, na lazima urudi ulikoanzia. Ukiacha pengo, umeyafungulia mabaya. Wasichana wakiliacha anawagombeza: "We, kwenu hakuna mlango?" Na mlango usiochorwa kabisa maana yake ndani kuna msiba.

Jana kiwanda cha fataki anakofanya kazi mwanawe kiliungua. Jina la kijana halijatajwa, si kwa waliopona wala kwa waliokufa. Leo alfajiri mtaa mzima tulikuwa nje tunamwangalia mkono. Chellappa muuza maua akajifanya ana busara: "Dada, leo pumzika. Watu wataelewa." Nikamwambia, "Mzee, funga domo lako kabla sijalifunga mimi." Mama hata hakugeuka. Akachora, taratibu kuliko siku zote, mpaka ukabaki upana wa mguu mmoja mstari ufike ulikoanzia. Hapo akaacha.

"Mama, hujafunga," nikasema.

"Nitafunga akishaingia."

Jua limeshakuwa kali, bado amekaa kizingitini, unga kaufumbata. Sisi wote tunapita ng'ambo, tusije tukakanyaga njia ya mtu.